Magodoro Yaliyohamia Kabla ya Mwenyewe

Shemeji yangu Ulmeken ana miaka tisa katika ukoo wetu na hajanitaja jina hata siku moja. Si chuki. Kwetu Wakazakhi mke hataji majina ya ndugu za mumewe. Huwatungia mengine, na mwenye bahati huitwa Mtanashati au Jicho la Mwewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa nimebakiza mitihani ya madini na akili ya kuivumilia. Jumapili iliyofuata Ulmeken akanisogezea bakuli la chai mbele ya ukoo mzima: "Haya Nusu-Cheti, kunywa kabla haijapoa." Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Jina likanata.

Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi hii ni ya shukrani, na sitaki mtu adhani nampamba.

Ulmeken ni fundi wa mkate. Simsemi mpishi wa nyumbani. Nasema yule anayesimama kando ya hodhi la unga wa kulisha mji, anabonyeza kinyunya kwa kidole gumba, anatamka "dakika sita," kisha anakwenda kunawa mikono bila kuangalia saa. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo Jusali, mji wetu wa reli katikati ya nyika. Mwezi wa saba mwaka juzi, kiwanda kikubwa cha mkate cha Almaty kikamwita awe msimamizi wa zamu. Kaka yangu Myrzagali, mumewe, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko magharibi, siku kumi na tano kazini, kumi na tano nyumbani. Akamwambia kwa simu: "Nenda. Mimi nitashukia popote ulipo."

Kikwazo kilikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili ya mbele. Kunsaya, binti yao, alikuwa anaanza darasa la kwanza tarehe mosi Septemba, na shule ya mtaa haimpokei mtoto ambaye hajaandikishwa kwenye anwani ya mtaa huo. Sasa wenye nyumba wa Almaty ni watu wakarimu. Watakupa funguo, jokofu, hata paka wakikuamini. Ukitamka neno kuandikishwa, wanakutazama kana kwamba umewaomba figo. Wanaogopa kwamba mtu akishaingia kwenye karatasi hatoki tena.

Kiwanda kilimpa kitanda kwenye bweni la wafanyakazi, mwezi mmoja, bila watoto. Akajiwekea mpaka: ikifika tarehe ishirini na tano Agosti hajapata nyumba yenye karatasi, anaacha kazi na kurudi Jusali.

"Mama yupo, atamlea," nikamwambia.

"Najua atamlea. Alikulea na wewe."

Sikurudia kulisema hilo.

Mimi nafunga nyaya za intaneti hapa Almaty, kwa hiyo nimeingia kwenye majengo mengi kuliko mende. Nikamchukua tukaanza na upande wa juu. Katika mji huu juu ni milimani na chini ni tambarare, na mtu wa Almaty hata akielekezwa kiatu kilipo chini ya kitanda ataambiwa ni upande wa juu au wa chini. Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya kumi na sita. Mwenyewe alikuwa kijana wa rika langu, viatu vyake vyeupe kuliko nia yake.

"Mna wanyama?"

"Hatuna," akasema Ulmeken.

"Watoto?"

"Mmoja."

"Ukutani anachora?"

"Ukimpa sababu."

Milima ilijaa dirisha zima, theluji ya kileleni haijayeyuka hata kwa joto lile. Ulmeken aliitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuwa na matumaini. Kisha akageuka. "Na utatuandikisha?"

Kijana akatabasamu kama daktari wa meno. "Dada, hapa unalipia mandhari."

"Mandhari yatampokea mwanangu darasa la kwanza?"

Tukashuka kwa lifti yenye kioo, na Ulmeken akautumia muda wote kunitengeneza kola, ishara kwamba amekasirika na hana wa kumkasirikia.

Nyumba ya pili ilikuwa chini kabisa, nyuma ya kiwanda, kibanda ndani ya ua wa mama mmoja mpole. Kwake kila jibu lilikuwa karibu: mtoto karibu, kuandikishwa karibu, mbwa hata hawang'ati. Nikaona mambo yameisha. Ulmeken akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, kikatoka cheusi. Ilikuwa Agosti, masizi yale yalikuwa ya makaa ya mawe ya msimu uliopita, nyumba zote za pale hupasha moto kwa makaa, na moshi wa chini hauna pa kwenda. Kunsaya kila baridi kifua humbana. Ulmeken alimshukuru yule mama vizuri kabisa, akawasifu hata mbwa wake.

Njiani akasema, "Kule kuna hewa hakuna karatasi. Hapa kuna karatasi hakuna hewa. Nimkate mtoto vipande viwili?"

Ndipo nikakumbuka tangazo. Wiki moja nyuma nilifunga waya kwenye jengo la zamani la ghorofa tatu, katikati ya juu na chini, kwenye mtaa wenye mifereji na mialoni, na mlangoni kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Napangisha. Watu wazima wenye adabu. Wapiga tarumbeta msisumbuke." Shule iko nyuma ya ukuta wa ua wake, na kiwandani ni vituo vinne vya basi. Nikapiga simu. Sauti ya bibi ikajibu, "Njooni tarehe ishirini na tatu saa nne asubuhi. Msichelewe, nilifanya kazi ya simu miaka thelathini, nazijua sauti za wachelewaji."

Tarehe ishirini na tatu, saa mbili asubuhi, mama akapiga kutoka Jusali.

"Nendeni stesheni. Mhudumu wa behewa la saba ana mzigo wenu. Magodoro manne ya pamba, mito na samawari ya chai."

"Mama! Nyumba hatujapata!"

"Ndiyo maana nimetuma. Mwenye nyumba akiwaona mikono mitupu atajua nyie ni wapita njia. Mtu na matandiko yake ni mpangaji."

Hakuna anayebishana na mama yangu, na treni ilikuwa imeshafika. Magodoro yetu, korpe, si kama yale ya dukani; ni mazito, ya pamba na sufu, yenye maua mekundu yanayoonekana kutoka mwezini. Muda wa kuyapeleka bwenini haukuwepo. Tukafika kwenye ua wa yule bibi mimi nikiwa na korpe mbili begani, mbili kichwani, na samawari mkononi, kama punda wa bwana harusi. Ulmeken alibeba mito.

Kwenye benchi la uani alikaa mwanamke Mrusi wa miaka sitini na kitu, gauni la nyumbani, anakata maharage. Baadaye nilijua anaitwa Lyuda na alizaliwa kwenye jengo lile lile.

"Kwa Kulash?" akauliza, kwa Kikazakhi kilichonyooka kuliko changu.

"Kwa Bibi Kulash, ndiyo, mama."

"Iache hapo mizigo, mwanangu, ngazi ni nyembamba. Naiangalia mimi."

Tukaacha, tukapanda. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na mpaka leo simjui wa kumlaumu, wala simtafuti.

Bibi Kulash alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe, miwani imeshikwa kwa uzi. Nyumba ya kupangisha ilikuwa mkabala na mlango wake, ya marehemu dada yake: vyumba viwili safi, dirisha linalotazama ukuta wa shule. Ulmeken alipitisha kidole juu ya fremu. Kikatoka kama kilivyoingia. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyewekewa kiti.

Chai ikamiminwa, na mkate ukawekwa mezani. Kwetu ukiingia nyumba ya mtu ukaondoka bila kuonja mkate umemtukana, kwa hiyo Ulmeken akamega. Akatafuna. Akajizuia. Akashindwa.

"Huu umetolewa tanurini mapema, bibi."

"Nimeununua dukani."

"Najua. Ni wa kiwandani kwangu. Zamu ya Jumanne. Kesho watanisikia."

Bibi Kulash akavua miwani. "Mumeo yuko wapi?" Akaambiwa. "Na huyu mrefu?"

"Ni mdogo wa mume wangu. Nusu-Cheti, msalimie bibi vizuri, toa mkono mfukoni."

"Nusu nani?"

"Jina lake siwezi kulitaja, bibi. Nimemwita hivyo kwa sababu zinazoonekana."

Bibi akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, kisha akaangalia chai yake. "Mdogo wa mume wangu nilimwita Mpiga Kinanda. Miaka arobaini. Alipofariki nikasoma jina kwenye jiwe la kaburi, nikadhani nimekosea kaburi." Akatingisha kichwa. "Siku hizi wanaitana kwa majina kama makarani. Nyumba chukua, mwanangu. Tangu umemega ule mkate nilishakupa."

"Na mtoto kuandikishwa?"

Uso wa bibi ukafunga pazia.

"Hilo hapana. Niliandikisha mmoja, mtu mzima mwenye adabu, kaletwa na mjumbe. Mwaka ulipoisha nikaambiwa kwenye anwani ya marehemu dada yangu wanaishi watu kumi na mmoja. Mmoja wao anatafutwa na mahakama! Wote sijawahi kuwaona hata kivuli. Miaka miwili nimezunguka ofisi kuwafuta. Mwanangu wa Astana kaniapisha kwa Kurani." Akamshika Ulmeken mkono. "Kaa bila karatasi. Wengi wanakaa."

"Ningekuwa peke yangu ningekaa, bibi, na ningekuletea mkate wa kweli." Akasimama, akafunga kitambaa chake. "Asante kwa chai. Uliyoapa usiyavunje kwa ajili yetu."

Kwenye ngazi alitangulia. Ngazi ya mwisho ndipo akasema, "Kakate tiketi ya keshokutwa."

"Bado kuna siku mbili."

"Za kukagua vidole vyangu? Kakate tiketi, mdogo wangu." Hakuniita Nusu-Cheti. Nikaogopa kweli.

Tukafungua mlango wa nje.

Korpe zetu zote nne zilikuwa juu ya chuma cha kukung'utia mazulia, zimeanikwa juani, maua mekundu yakipepea mbele ya jengo zima. Lyuda alikuwa anazipiga kwa fimbo, vumbi la reli linaruka. Samawari yetu, iliyokaa kimya tangu babu afariki, ilikuwa inatoa moshi. Chini ya mwaloni meza mbili zimeunganishwa, kitambaa kimetandikwa, na mzee mmoja mnene anageuza maini na nyama kwenye sufuria pana, moto umewashwa kwenye matofali. Kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza mikono ya mtu ilikuwa inapitisha sinia la baursaki, maandazi yetu madogo ya mviringo, yangali yanachuruzika mafuta.

"Mbona mmekawia?" akapaza Lyuda. "Kaeni! Mzee Asylkhan, wenyewe hawa hapa."

Ilikuwa erulik. Mtu akihamia kwetu, wenyeji humlisha kabla hajawasha jiko lake, asije akasema alifika mahali akakuta watu wamekufa. Na katika ua ule, mwenye kuihimiza erulik alikuwa Mrusi. Ameona matandiko, ameona samawari, ameona mke anayeingia kwa mguu wa kulia, kama anayehamia. Angehitaji ushahidi gani zaidi?

"Mama," nikaanza, "sisi hatuja..."

"Shikilia huku, wewe mrefu, korpe hii inaburuza."

Nikashikilia. Mtu akikupa kazi na harufu ya maini ya kukaanga kwa pamoja, ukweli unaweza kusubiri dakika mbili.

Ulmeken hakusubiri. Alienda mpaka mezani, akaweka mkono kifuani. "Jamani, Mungu awabariki. Lakini mmekosea. Mimi sijahamia. Mizigo imetangulia, mwenyewe nimekataliwa. Chakula hiki si changu."

Fimbo ya Lyuda ikabaki hewani. Mzee Asylkhan, ambaye aliendesha tramu mpaka tramu zilipoondolewa mjini na bado hutembea kama anafuata reli, akaangalia sufuria yake, akamwangalia Ulmeken, akainua uso kwenye dirisha la ghorofa ya pili.

"Kulash! Hebu shuka!"

Bibi Kulash akashuka na birika la maziwa mkononi. Alikuwa amesikia erulik, na mikono yake ilichukua birika kabla kichwa hakijauliza ya nani. Alipoona ya nani, akasimama.

"Hawa hawajahamia," akasema.

"Nyama imeshaiva," akasema Mzee Asylkhan.

"Nimesema sikuwaandikisha."

"Na mimi nimeonja chumvi. Tayari nimekula erulik yao, Kulash. Unataka niitapike? Kwa umri wangu?"

"Asylkhan, nyamaza. Wale kumi na mmoja ungewafuta wewe?"

"Wale kumi na mmoja walikula hapa?" akauliza Lyuda, polepole, fimbo imeshushwa. "Walileta hata mto? Huyu kaja na mito minne, Kulash. Mtu mwenye hila haji na mito minne."

Watu walikuwa wameanza kuchungulia madirishani. Bibi Kulash alikuwa mwekundu mpaka masikio, na nikaona atakubali, kwa sababu ya aibu, na moyo wangu uliruka kwa furaha bila haya yoyote. Ningelalia aibu ya mtu mwingine kama mto.

Ulmeken akaenda kwenye chuma, akaanza kukunja korpe ya kwanza.

"Bibi," akasema bila kugeuka, "usiniandikishe kwa ajili ya nyama. Aibu ya leo kesho itakuwa imeisha, na karatasi itakuwa bado ipo. Utakuwa unaamka kila asubuhi unatuhesabu. Mwanangu hatakua vizuri anahesabiwa." Akaikutanisha korpe pembe kwa pembe. "Hapa tumekaribishwa. Jusali nitasema tulikaribishwa. Hilo linanitosha kwa leo. Nusu-Cheti, shika huku."

Nikashika huku. Nilitaka kumziba mdomo kwa mto.

Bibi Kulash alisimama na birika lake. Kisha akalitua mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Kunsaya."

"Analia?"

"Akipewa kazi ya hesabu."

"Mimi nilikuwa na namba za simu elfu nne kichwani." Akanyoosha mkono kwangu. "We Nusu-Cheti. Unafunga intaneti, si ndiyo? Kaa hapa. Ile ya kwenye simu, ya kukubali mtu kwenye anwani, inafunguliwaje? Mwanangu kaniwekea, nimesahau neno la siri."

"Bibi, uliapa," akasema Ulmeken.

"Niliapa nisiandikishe mtu nisiyemjua. Wengi wameniomba karatasi, hakuna aliyewahi kunikataza nisimpe. Kaa ule, maini yakipoa ni raba."

Neno la siri lilikataa mara tatu. Mara ya nne tukajaribu Mpiga Kinanda, likafunguka, na bibi akafuta miwani yake. Katikati ya shughuli mwanawe akapiga kutoka Astana, maana ujumbe ulimfikia na yeye.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Nakula."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Ndiyo, Asylkhan, nile zaidi. Ni wawili, mama na mtoto. Nimewaona kwa macho. Mmoja bado hajapanda treni lakini nimeona mto wake." Akakata simu, akabonyeza nakubali kwa kidole chote, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango.

Ulmeken hakusema asante. Alichukua baursaki, akaimega, akaitazama ndani, na watu wote tukamngoja.

"Hii," akasema, machozi yakimtoka, "imekaa mafutani muda wake kamili."

Lyuda, aliyeikaanga, akalia zaidi yake.

Kunsaya alifika kwa treni tarehe ishirini na saba, behewa la saba, kwa mhudumu yule yule. Tarehe mosi Septemba alivaa utepe mweupe mkubwa kuliko kichwa, akapita mlango mdogo wa ukuta wa ua, hatua mia moja na arobaini kwa hesabu yake. Zamu ya Ulmeken huanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo anayempeleka shule ni Bibi Kulash, mpaka leo, na huwa hawachelewi. Kila Ijumaa kuna mkate wa moto kwenye milango yote ya ngazi ile, na zamu ya Jumanne ya kiwandani imejirekebisha. Kaka yangu aliposhuka kutoka visimani mara ya kwanza alilishwa tena erulik, kwa sababu Lyuda alisema yule wa mwanzo alikuwa mke tu.

Mimi nimeshakaa nyumba nyingi katika mji huu, nyingine zenye mandhari. Hakuna niliyoingia nikahisi kwamba mtu aliniwashia moto. Ile ya shemeji naingia bila kubisha, nakaripiwa viatu, nakula, naondoka nimeshiba. Ninawashukuru wale watu kwa kosa lao. Na nyama ile pia, niseme ukweli.

Siku ya kumwandikisha mtoto shule, mwalimu alimuuliza Kunsaya nani ataruhusiwa kumchukua shuleni. Akataja mama, baba, Bibi Kulash. "Na baba mdogo," akasema. Mwalimu akauliza anaitwa nani. Mtoto wa miaka saba, nyumbani kwao hajasikia jina lingine. Limeandikwa kwa wino, lina muhuri wa shule: Nusu-Cheti.

Nimekuwa nikifikiria kurudi chuo nimalizie ile mitihani. Lakini fomu ya Kunsaya itabidi ijazwe upya.